Kimea Kilichosagwa Laini

Mama yangu alipika pombe miaka mingi bila kuonja hata tone, na hilo ndilo lililotuponza. Pombe yenyewe ilikuwa ile ya ulezi ambayo Kampala wanaiita malwa, inayonywewa ingali moto kutoka chungu kimoja, watu wameketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu mkononi. Zamani aliionja kama mpishi yeyote. Lakini mdogo wangu alipofariki, vita vikiwa bado havijaisha, mama aliokoka, akasimama mbele ya kanisa zima na kuweka nadhiri kwamba kileo hakitapita midomoni mwake mpaka siku atakayomfuata mwanawe. Kuacha kunywa aliweza. Kuacha kupika hakuweza, kwa sababu baba, aliyetuleta Kampala kutoka Kenya, alikuwa mpiga chapa tu katika mtaa wa Wandegeya, na mshahara wake uliishia kwenye kodi ya chumba. Mchungaji alimsema sana. Mama aliinamisha kichwa akasikiliza yote, kisha Jumatatu akaloweka ulezi.

Sasa malwa ina desturi yake. Chungu kikishawekwa katikati na maji ya moto yakishamiminwa, hakuna mgeni anayegusa mrija mpaka mtu wa nyumba hiyo anywe kwanza, tena anywe kweli, watu wakiona koo linapanda na kushuka. Huenda kwingine hiyo ni heshima. Kampala ya miaka ile, vita vimekwisha juzijuzi, ilikuwa woga mtupu. Kwenye duara moja waliketi watu waliokuwa upande huu wa vita na watu waliokuwa upande ule, na kila mmoja alimjua mtu anayesemekana kumalizwa kwa kinywaji. Hawakuulizana nani alifanya nini. Walitazama tu nani anakunywa kwanza. Kwa kuwa mama alikuwa na nadhiri yake, mtu wa nyumba akawa baba.

Baba hakuwa mlevi. Nataka hilo lieleweke, maana kwetu Kenya walipomzika walisema mengi. Alikunywa kwa kuwa ilikuwa kazi, Jumamosi na Jumapili, kisha akabaki na mrija wake kwa adabu mpaka wateja waondoke. Hivyo kwa miaka. Halafu macho yake yakaanza kuwa ya njano, miguu ikamkonda, tumbo likamjaa. Daktari alizungumza naye kwa Kiingereza kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili cha kuungaunga ili na mama asikie: ini limeharibika, na kuanzia siku ile asiguse pombe hata tone. 

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiache biashara. Niliwahi kuulizwa hivyo na mtu aliyeshiba, nikamjibu vibaya. Baba alikuwa hawezi tena kusimama mbele ya mashine ya chapa, wakamrudisha nyumbani na asante. Kile chungu ndicho kilicholipa kodi, kikalipa shule yangu, kikamlipa na daktari aliyekataza chungu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisema basi nitaonja mimi. Baba alinitazama kwa namna ambayo sikuthubutu kulirudia neno hilo.

Mama ndiye aliyepata wazo la mashine. Mpaka wakati ule tulipeleka ulezi na kimea chetu kwenye kinu cha umeme, kile cha unga wa mahindi ambao Kampala wanauita posho, umeme ukiwepo. Kimea ni ulezi ulioota vimizizi ukakaushwa, na bila hicho pombe haichachi. Kiliingia punje, kikarudi vumbi ndani ya gunia lililofungwa, na mama akawa na kazi ya kukipepeta siku nzima. Alisema watu wanaogopa wasichokiona. Ndani ya vumbi la kinu cha watu wote kunaweza kujificha chochote. Lakini wakiona punje nzima kwa macho yao, ikasagwa mlangoni petu mchana kweupe, wakatia mikono yao humo na kutafuna wakipenda, watahitaji tena mtu wa kuwafia kwa nini? Hesabu yake ilikuwa hiyo. Niliiona nzuri siku ile, na hata leo sioni alipokosea isipokuwa alidhani watu wana akili kama zake.

Tulikwenda Mengo Ijumaa, kwenye maduka ya vyuma, mama kafunga kimea kwenye pindo la leso. Duka la kwanza lilikuwa na mashine ya kusagia nyama. Muuzaji aliapa kwa mama yake mzazi kwamba inasaga kila kitu, mpaka mawe. Mama akamimina konzi moja, akazungusha. Kimea kilitoka kama kilivyoingia, isipokuwa kilikuwa kimepata joto na harufu ya mafuta ya zamani. Duka la pili walikuwa na mashine ya gurudumu kubwa, yenye mawe mawili ndani, kitu cha maana kweli. Mama aliizunguka mara mbili kwa kuitamani. Lakini kuizungusha kulihitaji mabega ya mwanamume, na mwanamume wetu alikuwa kitandani.

Ya tatu ilikuwa kwa Mkongo mmoja, mkimbizi, aliyetandaza vyuma vyake juu ya turubai pembeni mwa barabara. Ilikuwa mashine ndogo ya mkono, ya chuma kizito, mdomo mpana juu wa kumiminia nafaka, na mbele sahani mbili zenye meno, zinazosogezwa au kuachanishwa kwa skrubu. Mama alichuchumaa kama anayechagua kuku. Kwanza aliizungusha ikiwa tupu, sikio karibu, kwa sababu sahani zikigusana huimba, na zikiimba zinakulisha chuma. Akautikisa mpini kuona kama unacheza. Akapitisha kidole juu ya meno, jino baada ya jino. Ndipo akafungua leso, akasaga konzi moja, akaweka unga kiganjani na kuupuliza.

Akanionyesha kilichobaki. Punje ipasuke vipande viwili, vitatu, ndivyo alivyoniambia, isizidi hapo. Ncha ya mrija wa malwa ina kichujio kidogo cha waya uliosukwa. Chenga hukaa nje ya kichujio na pombe ikapita katikati yake. Vumbi huingia kwenye nafasi za waya na kuziziba, mteja akavuta mpaka mashavu yakagusana, asipate kitu. Kwa mpika malwa hakuna aibu kuliko hiyo. Kwa hiyo skrubu ile, alisema, ndiyo pombe yenyewe, na mkono wangu usiichezee.

Yule Mkongo alipoona mama ameridhika hakusifu sana mali yake. Alisema tu, "Mama, hii haiwezi kufa. Ni sisi tutakufa, yenyewe itabakia." Mama akalipa kwa fedha alizokuwa nazo na vitenge viwili ambavyo hakuwahi kuvivaa, nami nikaibeba mashine kichwani mpaka nyumbani.

Tuliifunga kwenye benchi nje ya mlango, palepale kwenye njia ya kwenda sokoni. Konzi za kwanza tulizitupa kwa kuku wa jirani ili grisi ya zamani itoke. Kusaga kukawa kazi yangu, kila Jumatano nikitoka shule. Nilijifunza kumimina kidogokidogo, na kupumzisha chuma kikianza kupata moto, maana kimea kikiungua kinakufa. Mama aliweka sinia chini, na kila aliyepita aliruhusiwa kutia mkono. Wateja walipita kweli. Mkubwa wao alikuwa askari mstaafu, mtu wa kaskazini, mpole, aliyepoteza vidole viwili vitani. Yeye ndiye aliyegawa nafasi kwenye duara na watu wakamtii. Alichota kimea, akatafuna polepole, akanipa pole ya kazi. Mama alimwona kutoka ndani, na mara ya kwanza baada ya miezi nikamsikia akiimba.

Unga uliochachushwa na kukaangwa ulikuwa tayari. Mama akauchanganya na kimea na maji kwenye pipa, tukasubiri siku tatu. Jumamosi chungu kikawekwa, maji ya moto yakamiminwa, povu likapanda vizuri. Mama akasimama mbele ya wateja, akawaambia kwamba kimea wamekiona kikisagwa kwa macho yao, maji wameyaona, na mzee leo anaumwa, kwa hiyo wanywe tu kwa amani.

Hakuna aliyesogea. Walitazama chini kwa haya, kwani hawakuwa watu wabaya. Askari mstaafu akainuka, akauchukua mrija wa baba ukutani, akamwendea baba alipokuwa ameketi mlangoni, akamwekea mkononi kwa mikono yake miwili.

"Mashine tumeona, Mama," akasema. "Lakini mashine hapana kunywa. Mzee ndio nakunywa."

Baba akanywa. Na pombe ile ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kupika mama, mirija ikitiririka kama mifereji, watu wakisifu kila baada ya dakika. Sifa zikaenda. Jumamosi iliyofuata walikuja wengine kutoka gereji na kutoka mabweni ya wanafunzi, tukaweka vyungu viwili, baadaye vitatu. Na kila chungu kilitaka mtu wa kukifungua. Mashine tuliyoinunua ili baba asinywe hata mara moja ikamfanya anywe mara tatu. Niliichukia kuliko ninavyoweza kueleza, chuma kile, na bado kila Jumatano nilikaa mbele yake nikizungusha mpini.

Siku moja nikiwa nafua nje niliwasikia wazazi wangu wakizungumza chumbani. Mama alisema atanywa yeye. Mungu ataelewa, na asipoelewa watamalizana hukohuko. 

"Hiyo nadhiri ni ya mtoto wetu," baba akasema. "Ukiivunja, mimi nitakuwa nimenywa bure miezi yote hii."

 Nilisuuza nguo ambazo nilikuwa nimeshazisuuza.

Jumatano iliyofuata mama alikuwa sokoni. Nikaishika ile skrubu. Niliikaza nusu mzunguko, sahani zikaanza kuimba. Nikakaza tena kidogo. Kimea kikatoka laini kama unga wa uji wa mtoto mchanga, na ili niwe na hakika nikakirudisha mdomoni mwa mashine nikakisaga mara ya pili. Askari mstaafu akapita, akanisalimu, hakutia mkono siku hiyo. Nilikuwa nimeyawaza yote. Mirija itaziba, watu watanung'unika, watahamia kwa wapishi wengine ambao hawakosekani Wandegeya. Tutalala njaa siku kadhaa, mimi nitaacha shule nikafue nguo za wanafunzi, na baba atakuwepo. Nilikuwa na akili za kutosha kuharibu pombe, lakini sikuwa na akili za kutosha kumjua baba yangu.

Jioni mama akachukua lile sinia, akachanganya, akafunika pipa. 

Jumamosi baba akanywa kwanza kama kawaida. Nilimwona akikunja uso, akavuta kwa nguvu, kisha koo likapanda na kushuka. Wengine wakaingiza mirija. Wakavuta. Wakaitoa, wakaipuliza, wakagonga ncha zake kwenye mawe, wakaingiza tena. Siku nyingine wangecheka na kumtania mama kwamba amepika ugali. Lakini alikuwepo mtu mgeni, amevaa koti la jeshi lililopauka, aliyeletwa na watu wa gereji. Yeye hakucheka. Aliinusa ncha ya mrija wake.

"Hii naziba sababu iko na kitu ndani," akasema.

 Mmoja akautoa mrija wake na kuulaza chini. Wa pili naye akaulaza. Kwa watu wa malwa mrija ukilazwa chini hivyo mwenye nyumba amekwisha. Jua likizama soko zima litakuwa linajua kwamba kwa mama fulani kuna sumu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya moto, uso hauna damu. Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeomba, waondoke, ila neno hilo moja sikuliomba. 

Baba akainuka. Aliomba kikombe. Nilimpa mimi, kile cha bati. Hakutumia mrija, alikichovya kikombe ndani ya chungu, akachota uji ule mzito na machicha yake yote, akanywa mpaka chini, akakigeuza ili waone.

"Mke wangu amepika hapa tangu wakati wa risasi," akasema. "Hajaua mtu."

Akachota tena. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, wengine wakaokota mirija yao. Askari mstaafu akamshika mkono, akamwambia yatosha, Mzee, tumeona. Baba akautoa mkono wake taratibu. Yule mwenye koti alikuwa bado anatazama tu, na baba alikuwa anamtazama yeye peke yake. Akachota kingine.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache na mepesi: nimekisaga laini, ni mimi, hakuna sumu. Wangenicheka, mama angenichapa, baba angeketi.  Niliogopa kipigo, nasema kweli, niliogopa aibu ya kuchapwa mbele ya watu, na kwa woga huo wa kitoto nilimwacha baba yangu achote mpaka yule mtu alipoona haya mwenyewe, akauchukua mrija wake na kuinama.

Jumanne asubuhi baba alitapika damu, ikajaza beseni. Alhamisi adhuhuri alikufa hospitalini, mama akiwa amekwenda kununua dawa na mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yake ilikuwa na sindano. Tulikodi pikapu, tukamvusha mpaka wa Kenya. Kwetu walisema ulevi umemmaliza, na mke aliyeuza pombe huku akiimba kwaya ndiye aliyemmaliza zaidi.  Tuliporudi Wandegeya askari mstaafu alikuja kutupa pole, akalia waziwazi kama mtoto, kisha hakuja tena. Hakuna aliyekuja. Nani angekunywa kwenye nyumba ambayo mwonjaji wake amekufa? Nilichokitaka nikakipata chote, duara lilivunjika na vyungu vikakauka. Mama akafua nguo za wanafunzi miaka sita, vidole vikamchubuka, mimi nikasoma.

Sikumwambia. Nilimaliza shule, nikapata kazi ya ofisini, nikaolewa na kuachika, nikanunua nyumba ndogo Ntinda na kumleta mama tukae pamoja, na muda wote huo nilimtunza kama mtu anayelipa deni. Kila alipokohoa usiku niliamka. Wenzangu walinisifu kwa kumheshimu mzazi, nami nilizipokea sifa hizo nikijua ni za wizi.

Juzi tulikuwa jikoni. Nilikuwa nimenunua unga wa ulezi dukani, na mama alikuwa anausugua kati ya vidole kabla ya kuukorogea uji. Sasa haoni vizuri, vitu vingi huvijua kwa vidole. Bila kugeuka akasema kwamba hata kile kimea alikigusa hivi. Nikauliza kimea kipi, ingawa nilijua.

"Cha Jumatano ile," akasema. "Nilitia mkono kwenye sinia nikajua umekaza skrubu, na nikajua kwa nini. Nilikuwa na kimea kingine kwenye mfuko. Ningeweza kubadilisha. Nikamimina hichohicho."

Niliketi. Nilikasirika, siwezi kuficha, nilimkasirikia mwanamke wa miaka themanini kasoro kidogo kwa miaka yote niliyoamka usiku peke yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Alikoroga uji, akapunguza moto.

"Ulikuwa umeshampoteza baba," akasema. "Nikaona ukijua kwamba nami nilijua, utabaki huna mzazi hata mmoja."

Kisha akanimiminia uji, akauliza kama aniwekee sukari, nami nikamsogezea kikombe.